Geuza pakiti nyuma: jibu kwa mama wa Kondele kuhusu gluteni

Swali: "Daktari, binti yangu ana miaka 9. Mapema mwaka huu alipimwa tukaambiwa ana ugonjwa wa seliaki, yaani utumbo wake huharibiwa na gluteni, ile protini ya ngano, na kwamba asiiguse maisha yake yote. Mkate, chapati na mandazi tumeshaacha. Shida yangu ni supamaketi. Nasimama mbele ya rafu nusu saa nzima na natoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Pakiti moja imeandikwa 'wheat free', nyingine 'may contain wheat', nyingine imenyamaza kabisa. Wiki iliyopita nilimnunulia unga wa uji wenye picha ya wimbi, na bado akaumwa na tumbo siku tatu. Nisome wapi hasa, na maneno gani niyaogope? Ama niachane tu na vitu vya pakiti? Mama wa Kondele, Kisumu."

Jibu:

Dada, kwanza nikurekebishe kidogo. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe. Daktari humwambia mgonjwa "usile ngano" kwa dakika mbili, kisha mgonjwa huja kwangu na mfuko wa vitu vya dukani na kuumwaga mezani. Hapo ndipo kazi huanza, kwa hiyo swali lako nalijua vizuri.

Tuanze na ule unga wa uji, maana karibu jibu lote limo humo. Pakiti yako sijaiona, lakini jana jioni nilipita supamaketi moja hapa Nakuru nikachukua mfano wake. Mbele kuna masuke ya wimbi, kikombe kinachofuka mvuke, mtoto anacheka, na neno "natural" limeandikwa mara mbili. Nyuma, chini kabisa ya jedwali la vitamini, kwa herufi ndogo kama sisimizi, ndipo penye orodha yenyewe: mahindi, wimbi, mtama, soya, ngano, muhogo. Viungo huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kwa hiyo huo uliouzwa kwa jina la wimbi ulikuwa uji wa mahindi kwanza, na ngano ambayo haikupewa hata suke moja kwenye picha ilikuwa imekaa nafasi ya tano. Orodha yenyewe haikudanganya. Mbele ya pakiti ni tangazo. Hati iko nyuma.

Usidhani pia kwamba alama ya KEBS iliyo kwenye pakiti inakulinda katika hili. Alama hiyo inasema bidhaa imetimiza kiwango cha ubora kilichowekwa kwa unga wa aina hiyo. Ngano si sumu, na kuwemo kwake kwenye unga wa uji wa mchanganyiko si kasoro. Ni halali kwa kila mtoto isipokuwa wako na wachache kama yeye.

Sasa, tunatafuta nini kwenye hiyo orodha? Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, pamoja na jamaa zao wa ukoo mmoja. Mahindi, mchele, wimbi, mtama, mawele, muhogo, viazi, ndizi, maharagwe, njugu, soya, yote hayo hayana. Najua kuna shangazi atakayekuambia nafaka zote ni baba mmoja mama mmoja, hivyo mtoto aache hata ugali. Mwambie jambo hili lilishachunguzwa zamani. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, alikuwa akishuku mkate tangu miaka ya 1930. Ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ukaadimika nchini kwao, na watoto wenye ugonjwa huu aliokuwa akiwatibu, badala ya kudhoofika kama wenzao, wakapata nafuu. Baada ya vita alijaribu nafaka moja baada ya nyingine, akachapisha matokeo katika tasnifu yake ya 1950: ngano na rai zilirudisha ugonjwa, mchele na mahindi havikurudisha. Ugali wa binti yako uko salama tangu enzi hizo.

Rai, "rye" kwenye lebo, kwetu huku ni nadra, utaikuta kwenye biskuti za kutoka nje tu. Ngano itakusumbua kwa sababu ina majina mengi kuliko mtu aliyeokoka mara tatu. Kwenye lebo zetu utaikuta kama "wheat", kama "atta" ambao ni ule unga wa chapati za brauni, kama "maida" au "semolina" au "suji" au "rava" hasa katika maduka ya Wahindi pale katikati ya Kisumu, kama "durum" kwenye makaroni na tambi, kama "couscous", "bulgur", "spelt", na kama "rusk", ambayo nitaieleza nikifika kwenye soseji. "Flour" ikiwa imesimama peke yake bila kusema ni ya nini, ichukulie kuwa ni ngano. "Wholemeal" vilevile, na "multigrain" usiiamini mpaka uone nafaka zenyewe zimetajwa moja moja. "Triticale" ni mtoto wa ngano na rai, na damu ya wazazi wote wawili imo.

Shayiri haina majina mengi. Mbali na "barley" lenyewe ina moja tu, na hilo moja ndilo linalowanasa watu wa upande wetu huu kuliko jingine lolote: "malt". Kiswahili chake ni kimea, na wewe na mimi tumekua tukijua kimea ni nini. Ni wimbi lililolowekwa, likaota, likaanikwa juani, likasagwa, tayari kwa pombe ya busaa. Wimbi likiota halibadiliki kuwa ngano, kwa hiyo kimea cha bibi hakina gluteni. Kwa sababu hiyo mama mmoja kutoka Vihiga aliniletea kopo la kinywaji cha chokoleti cha watoto akaniambia kwa furaha, "Hii ni sawa, ni kimea tu." Haikuwa sawa. Katika lebo za viwandani, "malt" bila maelezo maana yake ni shayiri iliyooteshwa. "Malt extract", "malt flavouring", "malted milk", zote ni shayiri. Vinywaji vingi vya unga vya chokoleti vinayo. Konflakesi nyingi pia zinayo, na hapo watu hushtuka kwa sababu mahindi yenyewe hayana tatizo lolote, lakini hutiwa maji ya kimea yapate utamu na ile rangi ya kahawia. Ukiona "malt", rudisha pakiti kwenye rafu, isipokuwa imetaja waziwazi kwamba ni kimea cha wimbi au cha mtama.

Hapo hapo nimejibu na lile la "wheat free". Maana yake hakuna ngano, basi. Shayiri inaweza kuwemo, na rai pia. Maneno unayoyataka wewe ni "gluten free", na yana maana inayopimika. Codex Alimentarius, chombo cha viwango vya chakula kilichoanzishwa na FAO na WHO mwaka 1963, kiliweka mpaka kuwa miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo ya chakula, na Marekani na nchi za Ulaya zinatumia mpaka huohuo. Hebu tuihesabu kwa sahani ya mtoto. Akila nusu kilo ya vyakula vilivyofika kabisa kwenye mpaka huo, amepata miligramu 10 kwa siku, kiasi ambacho wengi wenye seliaki hukivumilia. Slesi moja ya mkate wa kawaida ina gluteni ya gramu 2 hivi, yaani miligramu 2,000. Wenye kupata miligramu 50 kila siku kwa miezi mitatu walipochunguzwa, utumbo ulionekana kudhurika. Miligramu 50 ni vipande vya slesi ambavyo ungeviita chembe. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema "kidogo hakidhuru", anazungumza juu ya kitu ambacho jicho haliwezi kukipima.

Kwenye bidhaa kutoka nje, tafuta pia ile alama ya suke la nafaka lililokatwa na mstari. Ni alama iliyosajiliwa, mtengenezaji huruhusiwa kuitumia baada ya kupimwa. Kuna nyingine ya herufi GF ndani ya duara, ya shirika la Marekani la GFCO, ambayo mpaka wake ni mkali zaidi, miligramu 10 kwa kilo. Vitu vyenye alama hizi ni ghali, na sikushauri ujaze kapu navyo. Biskuti isiyo na gluteni bado ni biskuti.

Halafu kuna mstari mmoja chini ya orodha ya viungo unaoanza na "Contains" au "Allergens". Anza na huo, kwa sababu ukitaja "wheat" umemaliza kazi, huna haja ya kusoma zaidi. Lakini usipoitaja, bado hujamaliza. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo, EAS 38, ambacho Kenya hukitumia kupitia KEBS, kinataka nafaka zenye gluteni zitajwe kwenye lebo. Ulaya na Uingereza huzikoleza ndani ya orodha yenyewe, kwa hiyo kwenye biskuti ya Uingereza "barley" itakurukia machoni. Marekani ni tofauti, na hili wengi hawalijui: sheria yao ya 2004 inalazimisha ngano itajwe, lakini shayiri na rai hailazimishi zitajwe kwenye ule mstari. Pakiti ya Marekani inaweza kuandika "Contains: milk" tu huku "malt extract" imejibanza katikati ya orodha. Soma yote.

Kuna maneno mengine yanayotisha bure, na nayataja kwa sababu nimeona watoto wakinyimwa chakula kizuri kwa ajili yake. "Maltodextrin" inafanana na malt kwa jina tu. Ni wanga uliovunjwavunjwa, na ni salama. "Monosodium glutamate" haina uhusiano na gluteni. "Glutinous rice" ni mchele unaonata, basi. "Buckwheat" ina neno wheat ndani yake lakini si ngano wala si jamaa yake. "Glucose syrup", "dextrose", "xanthan gum", "caramel", achana nazo kwa amani. "Modified starch" kwa bidhaa iliyoandikwa kwa kufuata kanuni huwa ya mahindi au muhogo, na ingekuwa ya ngano ingesema. Ikiwa mtengenezaji ni mdogo na lebo yake inaonekana ilichapwa nyumbani, nambari ya simu iko kwenye pakiti. Piga. Nimewahi kupigia mwenye kiwanda cha pilipili ya chupa akaniambia viungo vyote kwa furaha, hata vile ambavyo hakuviandika.

Oti ni kesi ya peke yake. Oti yenyewe haina gluteni ya ngano, na wengi wenye seliaki huivumilia, lakini hulimwa, huvunwa na kusagwa bega kwa bega na ngano na shayiri. Oti ya kawaida ya dukani usimpe. Ile iliyoandikwa "gluten free oats" isubiri mpaka utumbo upone na daktari wake akubali, kisha aanze kidogo kidogo.

"May contain wheat" maana yake kiwanda hakikutia ngano, ila kwenye mashine hizohizo kunapita kitu chenye ngano. Katika nchi nyingi onyo hilo ni la hiari. Anayeliandika amekuwa muungwana, na asiyeliandika hajathibitisha chochote. Mimi huligawanya hivi, na mwenzangu anaweza kuwa na maoni tofauti: kwenye unga, viungo vya mchuzi na vitafunio, onyo hilo kwangu ni sawa na "imo". Vumbi la unga hupenya kila mahali. Na kwenye unga ambao haukuandikwa onyo wala "gluten free", najiuliza kampuni hiyo inauza nini kingine. Ikiwa jina lilelile liko kwenye unga wa chapati rafu ya chini, na kwenye unga wa uji rafu ya juu, napiga simu kabla ya kununua. Kwa maziwa, sukari, chumvi au mafuta ya kupikia siumizi kichwa. Kwa mtoto aliyegunduliwa juzi, mwaka wa kwanza kuwa mkali kupita kiasi, utalegeza baadaye vipimo vikiwa vizuri.

Nikuambie na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na karatasi ya vitu salama niliyowapa wagonjwa, nimeiandika kwa mkono wangu baada ya kusoma lebo mimi mwenyewe. Mgonjwa mmoja akawa hapati nafuu, na tukatafuta miezi miwili. Kumbe viungo fulani vya mchuzi vilivyokuwa kwenye karatasi yangu vilibadilishwa, wanga wa mahindi ukatolewa na unga wa ngano ukaingia, pakiti ikabaki na rangi ileile na picha ya nyama ileile. Nilichana ile karatasi. Tangu siku hiyo simpi mtu orodha ya majina ya bidhaa, na ndiyo sababu hutaipata hapa. Soma kila unaponunua, hata kama ni kitu unachokinunua kila Jumamosi. Kwa herufi ndogo, piga picha kwa simu kisha uikuze. Ni rahisi kuliko kukodoa macho.

Vitu ambavyo watu husahau kuvigeuza nyuma ni vile visivyofanana na mkate. Mchuzi wa soya wa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Soseji na smoki hutiwa "rusk", ambayo ni makombo ya ngano yaliyokaushwa, ili nyama kidogo ijae. Na hapa kuna mtego wa kwetu: smoki hununuliwa barabarani kutoka kwenye kile kitoroli, imepasuliwa na kujazwa kachumbari, na pakiti yenye lebo ilibaki kwa muuzaji wa jumla. Nenda duka la jumla siku moja uisome huko. Mvuje, ambao mama wa Kihindi huuweka kwenye dengu, mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano ili usishikane. Njugu zenye ganda tamu hupakwa unga. Bhajia ni za unga wa dengu, lakini wapo wanaouongezea wa ngano kwa kuwa ni rahisi. Krispi za chumvi tupu kwa kawaida hazina neno, ila zenye ladha ya kuku au jibini zisome. Noodo za dakika tatu ni ngano kutoka mwanzo hadi mwisho. Na dawa pia hushikizwa kwa wanga, mara nyingi wa mahindi, kwa hiyo muulize mfamasia kabla hajafunga bahasha.

Uliuliza kama uachane na pakiti. Nusu nakubaliana nawe, na kwa bahati wewe uko Kisumu. Ungekuwa Paris ungenunua kwa bei ya dhahabu kile ambacho kwako ni chakula cha kila siku: kuon, yaani ugali, wa mtama na muhogo, samaki wa ngege, dagaa wa omena, mboga ya osuga, maharagwe, viazi vitamu, ndizi, mayai. Vyote hivyo havina lebo kwa sababu havihitaji. Tatizo huanza mahali nafaka inapopita kwenye mikono na mashine za watu.

Ukienda soko la Kibuye kununua wimbi, tazama gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka. Muuzaji akiwa ana gunia la ngano pembeni, gorogoro ileile huchota hapa na pale, na gunia la wimbi lenyewe huenda lilibeba ngano msimu uliopita. Mtafute anayeuza wimbi, mtama na mahindi tu, kisha ubaki naye. Nyumbani, kabla ya kuosha, pitisha wimbi kwenye chekeche. Punje ya wimbi ni ndogo kama kichwa cha pini, itapita. Ya ngano ni ndefu na ina mfereji mgongoni, itabaki juu. Mtama utamwaga kwenye uteo na kuchagua kwa vidole kama unavyochagua mawe kwenye mchele. Ukikuta punje tatu za ngano ndani ya kilo mbili, usiogope, zitupe. Ukikuta kiganja, badilisha muuzaji.

Kisha kisiagi, ile posho mill ya mtaani. Hapa ndipo ninapoishuku ngano kuliko mahali pengine popote, na labda ni kwa sababu nimekaa karibu na Njoro, ambako ngano imelimwa zaidi ya miaka 100 na watu husaga ya kwao kwa chapati. Siku moja nilisimama pale nikitazama. Mwanamke alisaga debe la ngano, akaondoka. Aliyefuata akamwaga mahindi ya manjano, na unga wa kwanza uliotoka ulikuwa mweupe, sufuria nzima, kabla manjano hayajaanza kuonekana. Mwenye mashine hakufanya kosa lolote, ndivyo mashine zilivyo. Swali la kumuuliza mwenye kisiagi chako si "mashine ni safi?" maana atajibu ndiyo. Muulize, "Hapa mnasaga ngano?" Kama hawasagi kabisa, na Kisumu wapo wengi wa namna hiyo, umepata rafiki. Kama wanasaga, kusafishia mashine kwa kilo mbili za mahindi ya kuku hupunguza tu, hakumalizi. Mashine ndogo ya kusagia ya nyumbani, mkichanga na jirani, itajilipa.

Samaki wa pale ufukweni, uliza kama wamepakwa unga kabla ya kuingia mafutani. Wengine hufanya hivyo ili ngozi isigande kwenye karai. Chipsi pia, kama karai hilohilo limekaanga mandazi asubuhi.

Hujaniuliza hili, lakini mtoto wa miaka 9, kama nyinyi ni Wakatoliki, huenda yuko darasa la Komunyo ya kwanza. Hostia ni ngano. Kanisa halikubali hostia isiyo na gluteni kabisa, lakini linakubali yenye gluteni kidogo mno, na linamruhusu asiyeweza kupokea mkate apokee divai peke yake. Zungumza na padre mapema, faraghani, asije akashtukizwa altareni. Shuleni nako mpelekee mwalimu ujumbe mfupi: githeri sawa, uji wa shule hapana mpaka nione pakiti.

Kuhusu yale maumivu ya siku tatu, hayathibitishi kwamba ni ule unga, ingawa nami naushuku. Tumbo la mtoto lina sababu nyingi, na kuna watoto wanaokula gluteni bila kuumwa hata kidogo huku utumbo ukiendelea kuharibika. Kinachosema ukweli ni kipimo cha damu, kile cha tTG kinachopima kingamwili za ugonjwa huu, kirudiwe baada ya miezi 6 hivi. Kikishuka, unasoma lebo vizuri. Kikibaki juu, chukua kila pakiti iliyoko jikoni uniletee, tuzisome pamoja mezani.

Mwisho, ana ndugu? Ugonjwa huu hutembea katika damu. Kwa ndugu wa tumbo moja na wazazi, takriban 1 kati ya 10 hupatikana nao, wengine bila dalili yoyote. Wapimwe, na wewe pia. Lakini kipimo hicho huhitaji mtu awe bado anakula ngano, ama kitasoma uongo. Kwa hiyo hadi siku ya kutoa damu, wadogo zake waendelee na chapati zao, ila zipikwe kwa jirani.